SIKIO LINALOTOKA USAHA



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za miche, za kupalilia, za mchwa na za kuanika. Mwezi huu twaomba radhi tuiweke karafuu kando, ingawa, kama mtakavyoona, haitakuwa mbali na maneno yetu. Somo letu ni maradhi ya sikio la mtoto, na khasa lile sikio linalotoka usaha wiki baada ya wiki wala haliumi. Tumelichagua somo hili kwa kuwa maradhi haya yametufika wenyewe nyumbani, na tumefanya makosa ambayo twajua wengi katika wanachama wetu wanayafanya hivi sasa. Tuna haya kuyaeleza, lakini tukinyamaza hapana atakayefaidika.

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na umri wa miaka mitano. Ulikuwa wakati wa uchumaji, na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, tulikuwa tukirudi shamba magharibi, tukila, kisha tukikaa kuchambua karafuu na makonyo mpaka saa nne za usiku. Mtoto alishikwa na mafua na kikohozi. Siku zile kila mtoto kijijini alikuwa na mafua, basi hatukujali. Usiku wa tatu aliamka akilia, ameshika sikio la kulia, na mwili una moto. Alilia mpaka karibu na alfajiri. Kulipopambazuka tulikuta mto umerowa usaha uliochanganyika na damu kidogo, na mtoto mwenyewe amelala usingizi mzuri, homa imeshuka. Tulimshukuru Mungu, tukachukua magunia yetu, tukaenda shamba.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na ili lifahamike hatuna budi kueleza kidogo sikio lilivyo.

Tundu mnaloliona kwa nje ni njia fupi tu. Mwisho wake pana kiwambo chembamba, kilichowambwa mfano wa ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vimo vifupa vitatu vilivyoshikana, ambavyo kwa Kiswahili vimepewa majina ya nyundo, fuawe na kikuku. Hicho kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Sauti ikipiga kiwambo, vifupa hivi hutikisika na kuipeleka ndani zaidi, na huko mshipa wa fahamu huichukua mpaka kwenye ubongo. Chumba hiki kina mrija unaoteremka mpaka nyuma ya pua. Tabibu mmoja wa Kitaliana, Bartolomeo Eustachi, aliueleza mrija huo katika karne ya 16, na mpaka leo waganga wauita kwa jina lake. Kazi yake ni kupitisha hewa na kuyatoa maji maji ya chumbani. Kwa mtu mzima mrija ni mrefu nao umeinama. Kwa mtoto ni mfupi, umelala karibu sawasawa, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kwa wepesi. Ndiyo sababu maradhi haya huwapata watoto zaidi kuliko wakubwa. Moshi wa kuni na wa sigara huudhuru mrija huu, na mtoto anayenyweshwa chupa ya maziwa hali amelala chali naye yumo hatarini.

Vijidudu vikishafika, chumba hujaa usaha. Kiwambo husukumwa kwa nje, na hayo ndiyo maumivu yanayomliza mtoto usiku kucha. Hatimaye kiwambo hupasuka, usaha hupata njia ya kutokea, na maumivu hukoma papo hapo. Kumbe basi ule usingizi mzuri tulioufurahia ndio uliotuonyesha kuwa kiwambo cha mtoto wetu kimetoboka, nasi hatukujua.

Ni kweli kwamba mara nyingi kiwambo kilichopasuka huziba chenyewe kwa wiki chache, na khasa mtoto akitibiwa mapema. Lakini kisipoziba, chumba kile huwa kama ghala lisilo na mlango. Maji ya kuoga na ya bahari huingia, vijidudu vingine huingia, na usaha hauishi. Waganga wamewekeana kipimo chepesi ambacho kila mzazi aweza kukishika: usaha ulioanza chini ya siku 14 ni maradhi mapya, ukitimiza siku 14 ni maradhi sugu, na dawa yake ni nyingine. Basi siku ya kwanza mnapouona usaha, iandikeni tarehe, hata kama ni kwa mkaa ukutani. Sisi hatukuiandika, na baadaye tulipoulizwa tulibabaika.

Kosa la pili ndilo linalogusa karafuu. Usaha ulipokuwa hauishi, bibi mmoja jirani yetu, mtu mwema ambaye amewasaidia wazazi wengi, alituambia, "Mwanangu, mtilie mafuta ya karafuu. Mwaka ule jino lilipokusumbua, si hayo yaliyokutuliza?" Nasi, katibu wenu wa jumuiya ya wakulima wa karafuu, tungeanzaje kuyakataa mafuta ya karafuu? Tulitia matone matatu. Mtoto alipiga ukelele ambao mpaka leo mama yake akiukumbuka huinuka akatoka chumbani.

Wanachama wenzetu, tuseme wazi. Mafuta ya karafuu ni mali yetu, na makonyo tunayoyapeleka kiwanda cha Wawi yana heshima yake. Lakini zaidi ya sehemu 70 katika 100 za mafuta hayo ni kitu kinachoitwa eujenoli, nacho ni kikali. Waganga wa meno hukitumia kwa kipimo, juu ya jino, kwa sababu hufisha ganzi. Aliyewahi kuyaweka mafuta yetu katika kikombe chepesi cha plastiki ameona kikombe kilivyolainika na kuharibika. Sasa yafikirieni mafuta hayo hayo yakipita katika tundu la kiwambo na kumwagika juu ya utando mwororo wa chumba cha ndani cha sikio la mtoto. Huunguza. Na pale yanapotia ganzi, huyaficha maradhi, mzazi akadhani yamepoa. Tunayoyasema juu ya mafuta ya karafuu twayasema vile vile juu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, maji ya mrehani, maziwa ya mama, na kila kinachotiwa sikioni kwa kubahatisha. Vingine si vikali kama mafuta yetu, lakini vyote huingia mahali palipo wazi, na huacha unyevu ambao vijidudu huupenda.

Katika duka la dawa pia yataka hadhari. Yako matone ya sikio yaliyo mazuri kwa ugonjwa mwingine, kama yale yenye jentamisini au neomisini, ambayo yakifika ndani kupitia kiwambo kilichotoboka yaweza kuudhuru usikivu wenyewe. Muuza duka hawezi kuliona tundu hilo kwa kumtazama mtoto juu ya kaunta. Basi tone lolote lisinunuliwe kabla ya sikio kuchunguliwa na aliyesomea kazi hiyo.

Kosa la tatu twalipita upesi, kwa kuwa hapana asiyelijua. Tulipewa vidonge vya siku tano; siku ya tatu usaha ukakatika; vilivyobaki vikawekwa juu ya kabati kwa ajili ya mtoto mwingine.

Miezi ikapita. Usaha ulikuja na kuondoka, nasi tukauzoea, kama mtu anavyozoea bati linalovuja. Watu walituambia ni mambo ya utotoni, akikua yatamwacha. Mtoto alikuwa hana maumivu, anakula, anacheza. Hili ndilo tunalotaka lisomwe mara mbili: sikio linalouma humfanya mzazi akimbie, na sikio linalotoka usaha pasipo maumivu humfanya astarehe, hali hilo la pili ndilo linalokula usikivu wa mtoto kidogo kidogo.

Aliyetuzindua alikuwa mwalimu wake wa chuo. Alituita baada ya sala ya alasiri akatuambia kwamba mtoto amekuwa mkaidi. Akiitwa haitiki, na herufi anazichanganya, akiambiwa sin asema shin, akiambiwa tha asema fa. Mwalimu alikuwa amemhamishia nyuma kwa adhabu. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeghadhibika, na tulikuwa tumeshachukua kifimbo, mama yake akasema, "Ngoja kwanza." Alisimama nyuma ya mtoto, kama hatua tatu hivi, akamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Akamwita tena, kimya. Alipokwenda upande wa kushoto na kumwita, mtoto akageuka akicheka, akidhani ni mchezo.

Yule hakuwa mkaidi. Herufi zinazotamkwa kwa pumzi nyembamba, kama sin, tha na fa, huwa hafifu, na mtu mwenye usikivu uliopungua hizo ndizo zinazomponyoka mapema. Mtoto alikuwa anakisia. Na kila alipokosea alisogezwa nyuma zaidi, mbali na sauti. Tangu siku hiyo kila tusikiapo kwamba mtoto fulani ni mzito wa kusoma, jambo la kwanza tunalouliza ni masikio yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika kila watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, wapatao 60 upungufu wao ungaliweza kuzuiliwa. Wetu ni mmoja wao.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, ambaye alichungulia sikio kwa kile kidude chenye taa kwa muda mrefu.

"Baba, sikio hili linatoka usaha tangu lini?"

"Tangu wakati wa uchumaji, daktari."

"Uchumaji wa mwaka huu?"

Tulinyamaza. Mama yake ndiye aliyejibu, "Wa mwaka jana."

Hakutugombeza, na laiti angetugombeza. Alituuliza tumetia nini ndani, na tulipomwambia aliandika tu. Basi, mzazi unapokwenda, usifiche. Sema siku ulipoanza usaha, rangi yake na harufu yake, ulichotia, vidonge ulivyompa na siku ulizompa. Daktari asiyeambiwa hutibu kwa kukisia, kama mtoto wetu alivyokuwa akisoma.

Matibabu ya sikio sugu yana sehemu mbili, na wengi huifuata ya pili wakaipuuza ya kwanza. Ya kwanza ni kulikausha. Matone ya dawa yakitiwa juu ya usaha huelea juu yake, hayafiki yanakotakiwa. Chukueni kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyochanika ovyo, mkisokote kiwe kama utambi wa taa ya mafuta. Vuteni sikio kwa nyuma taratibu, mtie utambi kidogo kidogo, muuache unyonye, kisha mwutoe na kutia mwingine mkavu. Endeleeni hivyo mpaka utambi utoke kama ulivyoingia. Hufanywa mara tatu kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Kijiti cha kibiriti, unyoya wa kuku, pini ya nywele, na hata vijiti vya dukani vyenye pamba, visikaribie sikio hili. Tulidhani kazi hii itatushinda. Mtoto mwenyewe aliizoea siku ya tatu, akawa ndiye anayetukumbusha utambi wake.

Sehemu ya pili ni matone aliyoyaandika daktari. Kwa sikio sugu lililotoboka, aghlabu huwa ni siprofloksasini ya kutia sikioni, kwa muda wa wiki mbili. Kishikeni kichupa kiganjani dakika chache kwanza, maana dawa ya baridi humtia mtoto kizunguzungu. Mlazeni ubavu, sikio bovu likiwa juu, mtie idadi ya matone iliyoandikwa, kisha mbonyeze mara kadhaa kile kijinyama kilicho mbele ya tundu, ili dawa isukumwe ndani. Abaki amelala kama dakika tano. Baada ya siku 5 arudishwe kuangaliwa, hata kama usaha umekatika. Na wiki mbili ni wiki mbili. Juu ya kabati pasibaki kitu.

Maji ndiyo fitina kubwa ya maradhi haya, nasi tu watu wa kisiwani. Kumkataza mtoto wa Pemba asiingie baharini ni kazi, twajua, lakini maadamu sikio li wazi asipige mbizi, si baharini wala mtoni wala kisimani. Wakati wa kuoga aweza kutiwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando, na akisha kuoga itolewe mara moja. Msiache pamba humo mchana kutwa, kwani usaha uliozuiliwa hutafuta njia nyingine.

Baadhi ya wazazi wametuuliza habari ya Ramadhani, wakasema wameyaacha matone kwa kuchelea funga. Mtoto ambaye hajabaleghe saumu si faradhi juu yake, basi hapana sababu ya kukatisha dawa. Kwa aliyebaleghe, na aulize kwa wanazuoni na kwa daktari wake kabla ya kuacha, wasimpangie jirani wala katibu.

Ziko dalili ambazo zikionekana hapana kungoja siku 14 wala kungoja asubuhi. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, mpaka sikio likasukumwa mbele, maana yake ni kwamba usaha umeingia katika mfupa. Homa kali pamoja na kuumwa sana na kichwa, shingo kukakamaa, kutapika, kuzubaa au kusinzia kusiko kwa kawaida. Uso kupinda upande mmoja. Kizunguzungu mpaka mtoto ashindwe kusimama. Ubongo uko karibu sana na chumba kile cha sikio, umetenganishwa nacho kwa mfupa mwembamba tu, na mtoto wa namna hii apelekwe hospitali kubwa saa ile ile, kwa gari yoyote itakayopatikana, hata ile iliyopakia karafuu. Gunia litashushwa njiani na hakuna mwanachama atakayelalamika.

Pia liko sikio ambalo, ijapokuwa limekaushwa na kutiwa dawa sawasawa, huendelea kutoka usaha wenye harufu mbaya sana. Huenda ndani yake ngozi imeota mahali pasipo pake, nayo hula vifupa vile vitatu. Hilo haliponi kwa matone, lataka mpasuaji. Hapo daktari wa wilaya humwandikia mgonjwa barua ya kwenda kwa mabingwa wa masikio katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au hata Muhimbili, Dar es Salaam. Twajua barua hizo hukaa mifukoni. Safari ni boti, malazi, na siku za shamba zinazopotea, na barua huja aghlabu wakati karafuu ziko mtini. Tumeizungumza habari hii na halmashauri, na imekubaliwa kuwa mwanachama mwenye barua ya daktari kwa ajili ya mtoto aweza kukopeshwa nauli ya watu wawili, ikakatwa kidogo kidogo katika mauzo yake. Aje afisini na barua yenyewe. Hatutamwuliza zaidi ya hapo.

Kina mama wanaopeleka watoto kliniki wasiache chanjo ya surua na ile ya nimonia, kwani zote mbili huyakinga masikio pia. Na wakati wa uchumaji unaokuja, mtoto mwenye mafua asikalishwe jikoni penye moshi kuchambua karafuu mpaka usiku. Sisi tulimkalisha.

Sikio la mtoto wetu lilikauka siku ya kumi na moja ya matone. Kiwambo hakijaziba, daktari asema tundu limepungua, na kwamba likibaki mpaka atakapokuwa mkubwa zaidi laweza kuzibwa kwa upasuaji. Kwa sikio la kulia husikia, lakini si kama kwa la kushoto. Mwalimu wake amemweka mstari wa mbele, upande wa kulia wa chumba, ili sikio zima lielekee sauti, na sasa amefika juzuu ya pili. Tarehe ya kumrudisha hospitali ni Jumanne ya mwezi ujao, na siku hiyo afisi ya jumuiya itafunguliwa baada ya adhuhuri.

Katibu